Rupia Isiyopewa Alama

Kila mwaka, Shaabani ikikaribia kuisha, mama husugua kila kitu cha chuma kilichomo nyumbani kwetu. Huanza na masinia, halafu birika, halafu vijiko vya shaba alivyopewa na shangazi zake alipoolewa, na mwisho kabisa rupia. Huchekecha majivu ya jikoni, hukamua limau, hukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kusugua mpaka vidole vinakunjamana. Nimekua nikiona hivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani rupia nayo ni chombo cha ndani kama vijiko, kwa kuwa vyote vilirudi kwenye sanduku moja la bati chini ya kitanda chake.

Ni rupia kubwa, inajaza kiganja cha mtoto. Upande mmoja kuna mzungu mwenye sharubu zilizosimama na kofia ya chuma iliyokaliwa na tai. Upande wa pili kuna simba. Niliwahi kumuuliza baba ilikotoka, akaniambia, "Ya Mjerumani," nami nikaona nimejibiwa. Baba alifariki akaniachia duka la vitambaa hapa Karatu mjini, na shuka ndizo zinazotuweka mjini mpaka leo. Wafugaji wa juu, wa Ngorongoro mpaka Loliondo, wananunua kwangu, na kwa majigambo kidogo naweza kusema ukikutana na mtu kavaa shuka nyekundu yenye mistari myembamba ya bluu, huenda ameitoa kwangu.

Habari ya kupima sarafu iliingia dukani ikiwa imevaa kofia ya jua. Alikuwa mgeni mzee, mtalii, ameletwa na dereva wake ambaye ni jirani yetu wa kijiji cha Qurus. Alinunua shuka mbili, akauliza kama kuna mtu mjini ana hela za Kijerumani, maana yeye huko kwao anazikusanya. Nikamwambia mama anayo moja. Nyumba iko nyuma ya duka tu, kwa hiyo nikaenda nikaifuata, nikairusha mezani kama nawarudishia chenji.

Yule mzee alishtuka kama nimeangusha yai. Aliiokota kwa ncha za vidole, akaishika ukingoni tu, akaomba kitambaa laini cha kuiwekea. Akatoa kioo kidogo cha kukuzia akaitazama kwa muda mrefu, mpaka mteja wangu mwingine akachoka kusubiri akaondoka. Kisha akaeleza, na dereva akatafsiri. Hii si rupia moja, ni rupia mbili kwa sarafu moja, na za aina hii zilitengenezwa chache. Angeweza kuinunua palepale kwa bei ambayo ningeifurahia, lakini asingelala vizuri. Akasema nisiiuze kwa mtu yeyote kabla haijapimwa.

"Kupimwa uzito?" nikauliza.

Hapana. Ziko kampuni ng'ambo ambazo kazi yao ni kutazama sarafu na kuipa alama, kuanzia moja hadi sabini, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Wakishaipa alama wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye karatasi na namba, na tangu hapo haiguswi tena na mkono wa mtu. Mnunuzi wa upande wowote wa dunia anaamini ile karatasi. Alama zikiwa juu, bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya sarafu isiyo na karatasi.

Halafu akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akasikitika. "Kuna mtu ameisugua. Ona hii mikwaruzo." Ule weusi ambao fedha huupata kwa miaka, akasema, ndio ngozi yake, na wapimaji wakikuta ngozi imechunwa wanaweza kukataa kabisa kutoa namba, wakaandika tu kwamba sarafu imesafishwa. Lakini kuzunguka herufi bado kulikuwa na weusi kidogo, kwa hiyo bado palikuwa na tumaini. Mradi isisuguliwe tena hata mara moja.

Kuanzia siku ile sikutulia. Nieleze sababu, msije mkanidhania tamaa tu. Mama amepita miaka sabini, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Mwaka hadi mwaka nimewaona akina mama wa msikitini wakienda hija na kurudi, wengine wadogo kwake, na kila nikimwambia mama tujipange naye aende, hunijibu neno moja: "Bado." Mimi nilielewa kwamba bado maana yake hatuna fedha, na kweli hatukuwa nazo. Sasa nikaona hija ya mama iko ndani ya sanduku la bati, inasubiri alama.

Nilikata shauri, nikalivunja, nikalikata tena. Gharama ya kuipima peke yake, pamoja na kuituma, bima na ushuru, ilikuwa sawa na mtaji wa marobota mawili ya shuka. Wakiipa alama nzuri, mama anapanda ndege. Wakiandika "imesafishwa", nimetupa marobota mawili na nimenunua karatasi inayoniambia nilichokwisha kuambiwa bure. Kuna siku niliamka nimeamua kutuma, na kufikia adhuhuri nikawa nimeamua kuiuza hivyo hivyo kwa mtu mmoja wa Arusha anayenunua hela za kale. Dereva wa Qurus alichoka na ujumbe wangu wa simu. Aliniandikia, "Dada, hiyo sarafu itakuua wewe kabla haijampeleka bibi Makka."

Mama sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi ya ghafla. Niliifunga rupia kwa pamba, nikaiweka kwenye kibweta cha plastiki, nikairudisha ndani ya sanduku mahali pake pa siku zote. Hapo ndipo nilipokosea. Shaabani ilikuwa inakwisha, nami akili yangu ilikuwa kwenye kufunga mahesabu ya msimu.

Nilirudi nyumbani alasiri moja kuchukua kitabu cha stakabadhi, nikasikia ile sauti ya kusugua kwa majivu. Nilitoka uani mbio. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, pamba yangu imetupwa kando, na rupia inang'aa mkononi mwake kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Hata ule weusi wa kuzunguka herufi haukuwepo. Macho yake hayawezi kusoma herufi, lakini kidole gumba kilikuwa kimezifikia zote.

Mimi si mtu wa subira, na wateja wangu wanalijua hilo. Lakini sikuwa nimewahi kumpandishia mama sauti. Siku ile nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Nilimwambia ameharibu kila kitu. Nilimwambia habari ya mgeni, na wapimaji, na alama sabini, nikamalizia kwa maneno ambayo natamani ningeyameza: "Hija yako umeisugua wewe mwenyewe na majivu, mama. Umeimaliza!"

Mama aliifuta rupia kwenye upindo wa kanga, polepole, pande zote mbili. Halafu akaniuliza, bila hasira yoyote, "Nani alikuambia ni yetu?"

Nikakaa chini palepale kwenye saruji.

Akanisimulia. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mwanamke mmoja mfugaji, kijana kama yeye mwenyewe wakati ule, alishuka kutoka juu akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Alipita dukani kununua shuka ya kumfunika mtoto, kwa kuwa walikuwa wanakwenda kulazwa hospitali. Alikuwa na hii rupia, na aliogopa kulala nayo wodini katikati ya watu asiowajua. Akamwomba baba amshikie mpaka atakapotoka. Baba akaipokea kwa mikono miwili mbele ya mama, akasema, "Itakaa hapa mpaka uje mwenyewe." Hakuja. Baba aliulizia siku za mnada mwaka mmoja, miwili, mitatu. Hakuna aliyemjua. Jina alilowaachia lilikuwa kama la nusu ya wanawake wa huko.

"Ilipofika kwetu ilikuwa inang'aa," mama akasema. "Niliogopa aje aikute nyeusi, aseme hawa watu waliitupa. Ndiyo maana naisugua kabla ya mfungo. Nikifunga, nataka nifunge nikiwa tayari, hata akibisha hodi kesho."

Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hii. Akanishangaa. Alidhani baba aliniambia wakati ananikabidhi duka. Baba naye bila shaka alidhani mambo ya sanduku ni ya mama. Halafu mama akasema jambo ambalo lilinikata maini. "Mnaniambia hija, hija. Nitasimamaje pale, nyumbani nimeacha kitu cha mtu?"

Kumbe "bado" ilikuwa hiyo.

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, lakini tangu siku ile akawa ananiita kwa jina langu badala ya "mwanangu", na hiyo kwangu ilikuwa adhabu ya kutosha.

Kama kuna faida ya kuuza shuka, ni kwamba mtandao wangu unafika kusikofika barabara. Nilirekodi ujumbe wa sauti kwa wateja wangu wa jumla, wanaume na wanawake, kuanzia Endulen mpaka Sale na Digodigo, kwamba anatafutwa mama aliyewahi kumlaza mtoto Karatu zamani na akaacha kitu kwa mwenye duka la vitambaa. Sikutaja kitu gani. Majibu yalikuja, mengine ya kuchekesha. Mmoja alisema aliacha redio. Wawili walikisia sarafu, labda kwa kuwa yule dereva wa Qurus alikuwa ameshaongea mjini. Kwa hao mama alikuwa na swali moja tu: ilikuwa imefungwaje? Wa kwanza akasema kwenye mkufu. Wa pili akasema kwenye pochi ya ngozi. Mama akatikisa kichwa.

Jibu la tatu lilitoka Nainokanoka, kule juu ng'ambo ya kreta. Ilikuwa sauti ya msichana akimtafsiria bibi yake, na nyuma yake ilisikika ya bibi mwenyewe, nzito, ikisema Kimaasai. "Koko anasema ilikuwa kwenye ncha ya kishuka cha mtoto. Mafundo matatu. La mwisho lilikataa, akalifungua kwa meno pale mbele yenu."

Mama aliomba nirudie ule ujumbe. Nikaurudia. Akasema, "Kwa meno. Ndiyo," akaanza kutafuta viatu vyake kana kwamba gari liko nje.

Tulikwenda baada ya Idi. Nilipata nafasi mbili za mbele kwenye gari la mtu anayepandisha unga na sukari kwenye maduka ya huko, tukalipa kwenye geti la hifadhi, tukapanda ndani ya ukungu. Mama alikuwa ameifunga rupia kwenye ncha ya kanga yake, na njia nzima aliishikilia. Mimi nilikuwa nashindana na nafsi yangu, na sitaki kujifanya malaika. Niliwaza kwamba yule bibi hajui thamani yake. Hata ikiwa imesuguliwa, mtu wa Arusha angetoa fedha ya maana. Ningempa mbuzi watano, wazuri, na sukari, angefurahi, kila mtu angefurahi, na mama angeondoka mwaka huo huo. Niliipanga ile hotuba kutoka getini mpaka Nainokanoka, na ilikuwa hotuba nzuri.

Boma lilikuwa mlimani, kwenye baridi kali. Bibi alitoka ameinama mlangoni, mrefu kuliko nilivyotegemea, masikio yake yamelemewa na shanga. Mama, ambaye Kimaasai chake chote kinatosha kuuzia shuka, akamwamkia, "Takwenya."

"Iko," akaitikia bibi.

Halafu wakatazamana, wote wawili hawaoni vizuri, wakabaki wameshikana mikono pale nje mpaka yule mjukuu, msichana wa sauti ya simu, akatuambia tuingie kwenye moto. Alikuwa na kitoto kichanga kifuani. Tulipewa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Mama alifungua ncha ya kanga na kumwekea bibi rupia kiganjani.

Bibi aliipapasa. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akasema neno, mjukuu akatafsiri. "Anauliza mbona ni mpya."

"Mwambie nimeitunza," mama akasema.

Tukaambiwa sehemu ambayo hatukuijua. Yule mtoto alifia hospitali, siku ya pili. Rupia ilikuwa yake, amepewa na babu yake, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza wa mwanawe. Ilitoka kwa babu wa huyo babu, aliyewauzia Wajerumani dume la ng'ombe. Mume wa bibi alikuja kuwachukua usiku, yeye na mwili wa mtoto, wakapita njia nyingine, na bibi akasema hatakanyaga tena Karatu, na hakukanyaga. Shuka zote alizovaa maishani aliagiza kwa watu. Mama alikuwa analia kimya kimya, bibi analia, na mimi nikaiacha hotuba yangu ya mbuzi watano.

Ikabidi niseme ukweli. Nilimwambia mjukuu amweleze bibi, neno kwa neno, kwamba kitu hiki kina bei. Nilieleza wakusanyaji, na kampuni za kupima, na alama. Nilisema imepoteza alama kwa kusuguliwa, lakini bado ni fedha nyingi, na nikataja ni sawa na ng'ombe wangapi. Nilisema wakitaka nitawasaidia kuiuza na sitachukua hata shilingi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tena idadi ya ng'ombe, nikairudia. Alitazama moto, na kusema kweli niliona anapiga hesabu, kama ambavyo mimi ningepiga.

Kisha akamwelekeza mjukuu kitu, na yule binti akaenda kona ya nyumba akarudi na msumari na jiwe.

"Anasema huyu," mjukuu akaonyesha kichanga chake, "ni wangu wa kwanza. Anasema ile siku rupia ingekuwa na tundu, angemvalisha mtoto shingoni, asingeiacha dukani. Anataka itobolewe."

Nikaruka. "Hapana! Mwambie wakitoboa ndiyo basi, haitauzika tena, haitapata alama yoyote popote!" Nilisahau kabisa ni ya nani. Miezi mingi nilikuwa sipumui juu ya ile rupia nikiogopa kuikwaruza.

"Mwanangu," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya uani. "Si wameshakusikia?"

Bibi alijaribu mwenyewe. Aliiweka rupia juu ya jiwe bapa la jikoni, akasimamisha msumari, lakini msumari ukateleza, ukachora mstari mrefu kwenye shavu la yule mzungu. Nilifumba macho. Mama akapokea, akaupapasa ukingo kutafuta pa kuanzia, akashindwa, maana haoni vizuri. Mjukuu alikuwa na mtoto mikononi. Wote wakanigeukia mimi.

Niliuchukua msumari. Niliusimamisha ukingoni, juu ya kofia ya tai, mahali ambapo mtoto hataumia shingo. Mama aliishikilia rupia kwa vidole viwili ili isicheze, akasema bismillahi, na mimi nikapiga. Fedha ni laini kuliko nilivyodhani. Pigo la nne lilipenya na likagonga jiwe chini.

Nilikuwa nalia kwa kwikwi, na mama, kwa kuwa haoni vizuri, alidhani nimejigonga. Akanishika mkono akawa anaupapasa kidole kimoja kimoja, akiniuliza ni kipi.